Kwa Nini Gia Imepasuka Tena: Jibu kwa Kijana wa Lamu

Kijana mmoja wa Lamu ameniandikia juzi. Alichomelea gia nene ya feleji ya winchi ya kuvutia boti nchi kavu, kazi ikatoka safi, akalipwa. Kesho yake asubuhi ufa ukaonekana kando kidogo ya weldi, na tajiri akamwita fundi mbovu. Maneno hayo nayajua, mwanangu. Nami niliambiwa.

Kabla sijafungua karakana hapa Malindi nilikuwa Mombasa, kwenye kiwanda cha kusubu vyuma, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu la mchanga. Tulisubu gurudumu kubwa la feleji. Mteja alikuwa na haraka, msimamizi akaamuru kalibu livunjwe mapema. Nilimwambia ndani bado moto, hakunisikiliza. Nikapewa gesi nikate vile vichwa vya chuma cha ziada. Ufa ulipotokea, aliyelishika mwisho ni mimi, basi lawama nikabeba mimi. Niliondoka bila hata barua, na mpaka leo linaniuma, maana ufa wenyewe ulikuwa unanitetea na hakuna aliyeutazama.

Ufa huwa wa aina mbili, wa moto na wa baridi. Ufa wa moto hutokea chuma kikiwa kinamalizia kuganda, bado kuna utando wa majimaji kati ya chembe. Hupindapinda, na ndani yake huwa mweusi kwa kuwa hewa imeshaula. Huletwa na salfa na fosforasi nyingi, kona kali, sehemu nene kuungana ghafla na nyembamba, au mchanga mgumu usioachia chuma kinywee. Na feleji hunywea kama asilimia 2: kipande cha mita moja hupungua karibu sentimita 2. Ndiyo maana wasubu huzungusha kona na kuongeza manganizi ya kuikamata salfa.

Ule wetu ulikuwa umenyooka, uso wake unang'aa. Huo ni ufa wa baridi. Nje kilishapoa na kukaza, ndani kikaja kunywea baadaye, mkazo ukakipasua. Kalibu lingeachwa lipoe polepole, gurudumu lile lingepona.

Wako, kijana, nao ni wa baridi, ila nadhani umeongezewa hidrojeni. Hewa ya bahari ina unyevu, na elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, zikikaa wazi huunywa. Joto la weldi huyatenganisha maji, hidrojeni huingia kwenye chuma na kujikusanya penye mkazo. Ndiyo maana ufa hauji papo hapo. Huweza kuchukua saa kadhaa, hata siku mbili. Tena gia nene iliyo baridi hunyonya joto upesi, ukanda wa kando ya weldi ukawa mgumu na mwepesi kuvunjika.

Saga mpaka ufa wote utoke. Usiamini macho: paka rangi nyekundu ya kupenya, ifute, kisha poda nyeupe, uone kama kuna mstari uliobaki. Elektrodi za 7018, zile za hidrojeni kidogo, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 300 na kitu, saa moja au mbili. Pasha gia nzima polepole ifike nyuzi 200 hivi, zaidi kama kaboni ni nyingi, na isishuke hapo mpaka umalize. Kisha ifunike kwa majivu makavu usiku kucha. Maji usiyasogeze kabisa!

Nimetengeneza hivyo gia ya mashine ya chumvi upande wa Gongoni, na inazunguka hadi leo. Waliokuja kuitazama walitaka kujua nimetumia elektrodi gani. Hakuna aliyeuliza ilipoa kwa muda gani, na hapo ndipo vijana wengi mnapokosea. Mnataka pesa kabla ya magharibi. Chuma kinene hakijui saa ya tajiri, kinajua joto tu. Jifunzeni kusubiri, na jifunzeni kumwambia mwenye mali ukweli kabla hamjawasha mashine.

Mwambie tajiri wako kazi ni ya siku mbili, na bei iwe ya siku mbili. Akikataa, usiiguse tena gia hiyo.