Nani Hulipia Wino: Majibu kwa Wasomaji

Wiki mbili zilizopita niliandika katika safu hii kwamba anayetaka kulifahamu gazeti, redio au televisheni aanze kwa kuuliza ni nani hukilipia chombo hicho. Wasomaji wa Unguja na Pemba wameniletea maswali, na hapa ninayajibu matano.

Msomaji wa Wete: Ikiwa gazeti halikuandika uongo hata mmoja, vipi linaweza kunipotosha katika siasa?

Kwa lile lililoachwa. Miaka mingi nyuma nilitumwa pwani ya mashariki ya Unguja kuandika habari za mwani, zao ambalo kinamama wetu wamekuwa wakililima kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yalikuwa yamekupwa, na mama mmoja alikuwa amekaa mchangani akifungua mafundo ya kamba kwa vidole vilivyochubuka kwa chumvi. Alinieleza, bila ya kusitasita, kwamba kamba na mbegu alipewa na wakala wa mnunuzi, na kwa hivyo hana ruhusa ya kumuuzia mtu mwengine hata akiletewa bei nzuri zaidi. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Gazeti lilipotoka nilikuta picha ya mama yule akitabasamu, idadi ya tani zilizosafirishwa na maelezo ya joto la bahari linaloua mwani wa thamani kubwa, lakini aya ya kamba na bei haikuwemo. Katika toleo hilohilo kampuni iliyonunua mwani ule ilikuwa na tangazo la nusu ukurasa. Nilipomuuliza mhariri alinijibu kwamba nafasi ilikuwa finyu.

Hakuna neno la uongo lililochapwa siku ile. Lakini msomaji wa mjini aliyeisoma habari hiyo aliondoka na picha ya kinamama hodari wanaopambana na bahari, na hakupata sababu yoyote ya kumuuliza mwakilishi wake katika Baraza la Wawakilishi kuhusu mikataba ya ununuzi. Jambo la sheria na maslahi liligeuzwa kuwa jambo la hali ya hewa. Kwa maoni yangu hii ndiyo nguvu kubwa kuliko zote za wenye fedha juu ya habari: wanaweza kulitoa jambo katika siasa kabla hujajua kwamba lilikuwa la siasa, na wewe ukabaki kubishana barazani juu ya majina ya wagombea tu.

Msomaji wa Mkunazini: Vyombo vya serikali tunavielewa. Kwa nini tusivitegemee vya watu binafsi?

Ni kweli kwamba vya serikali tunavielewa. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kupiga kura, pale tangazo la Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, la kuufuta uchaguzi wa Zanzibar lilipotufikia kupitia ZBC, shirika la utangazaji la serikali, tukalisikia kwa sauti moja na kwa maelezo ya upande mmoja. Tunakumbuka pia gazeti binafsi la Dira, lililofungiwa mwaka 2003.

Lakini kufungiwa kwa amri kila mtu hukuona, wakati tangazo lisilopelekwa halionekani na mtu. Gazeti binafsi haliishi kwa bei linayouzwa njiani. Linaishi kwa matangazo ya benki, kampuni za simu, wizara na mashirika ya umma, na mkono mtupu haulambwi. Mhariri mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi hahitaji kuonywa na mtu. Hujionya mwenyewe, na baada ya miaka michache waandishi wake nao hawaziandiki tena zile aya ambazo wanajua zitakatwa.

Pengine mwenye chombo ana biashara nyengine kubwa kuliko chombo chenyewe. Huko Marekani, mtangazaji Phil Donahue alikuwa na kipindi kilichopata watazamaji wengi kuliko vyengine vyote vya kituo cha MSNBC, ambacho NBC ilikuwa mmoja wa wamiliki wake, naye akiwaalika watu waliopinga vita. Februari 2003, wiki chache kabla ya Iraq kuvamiwa, kipindi hicho kiliondolewa, na waraka wa ndani uliokuja kuvuja ulionesha hofu kwamba Donahue angekuwa sura ya kuiletea NBC taabu mbele ya umma wakati wa vita. NBC wakati huo ilimilikiwa na General Electric, kampuni iliyokuwa ikiunda pia injini za ndege za kivita. Sidai kwamba kuna mkubwa aliyepiga simu kutoka kiwandani. Ninalosema ni kwamba katika nyumba kama hiyo simu haina haja ya kupigwa.

Msomaji wa Chake Chake: Hizi kampuni za uhusiano wa umma zinafanya kazi gani hasa katika siasa?

Hulipwa kumjengea mteja sura nzuri mbele ya watu, na mara nyingi hufanya kinyume cha yale yaliyompata mama wa mwani. Badala ya kulitoa jambo katika siasa, hulichukua jambo la mfuko wa mtu na kulivisha vazi la siasa ya umma. Afrika ya Kusini, familia ya Gupta, marafiki wa Rais Jacob Zuma, ilikuwa na biashara nyingi zilizofungamana na mashirika ya umma, na pia ilimiliki gazeti la The New Age na kituo cha televisheni cha ANN7. Lawama zilipozidi, mwaka 2016 kampuni yao ya Oakbay iliikodi Bell Pottinger ya London kwa pauni 100,000 kwa mwezi. Ghafla mjadala haukuwa tena kuhusu zabuni na mikataba ya familia moja. Ukawa ni kuhusu ukiritimba wa mitaji ya Wazungu, yaani uchumi kushikwa na Wazungu. Dhulma hiyo ya kihistoria ipo, na maumivu yake ni ya kweli, na ndiyo maana kuyatumia kama ngao ya kampuni lilikuwa jambo la aibu kubwa. Septemba 2017 chama cha kampuni za uhusiano wa umma cha Uingereza kiliifukuza Bell Pottinger, na mwezi huohuo ikaanguka. Raia waliochochewa kuchukiana kwa rangi zao hawakulipwa fidia na yeyote.

Msomaji wa Nungwi: Sasa kila mtu ana simu. Si tumeshakuwa huru?

Kidogo, ndiyo. Lakini Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja, Meta, ambayo hupata fedha zake kwa matangazo, na kwa hivyo hutuwekea mbele kile kitakachotushika macho kwa muda mrefu zaidi. Na swichi hatuna sisi: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania, na simu zikabaki mikononi mwetu.

Msomaji wa Makunduchi: Na wewe mwandishi, nani anakulipa?

Swali hili ni la haki, na nilikuwa nikilingojea. Kwa miaka mingi nimehudhuria semina na mikutano ya waandishi katika hoteli za mjini, ambako mwisho wa kikao hupitishwa karatasi ya kutia saini na kila mwandishi akapewa bahasha inayoitwa nauli. Nimetia saini mara nyingi, hata pale nilipofika kwa miguu. Malipo yangu yalikuwa madogo na nyumbani kulikuwa na watoto wanaosoma skuli, lakini nikizirejea makala nilizoandika siku zile naona wazi kwamba sikumuuliza swali gumu yeyote kati ya waliolipia bahasha zile. Siku hizi, nikisafirishwa au nikilishwa na anayehusika na habari, ninamtaja katika aya ya kwanza ya makala, na tangu nianze kufanya hivyo mialiko imepungua sana.