Barua kwa mwanangu: Sala zetu na vita visivyokwisha

Kigoma, Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma mara kadhaa, na nimeona afadhali nikuandikie kuliko kukujibu kwa simu, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na kwenye simu huwa tunakatizana kabla hatujafika mbali.

Umeniuliza sala za amani ambazo umezisikia katika kila Misa tangu ukiwa mtoto zimesimamisha vita gani. Umenikumbusha kwamba mji wa Goma, huko mashariki mwa Kongo, ulitekwa Januari mwaka huu, Bukavu ikafuata Februari, na tarehe 17 Julai Kanisa la Familia Takatifu la Gaza likapigwa, watu 3 wakapoteza maisha. Halafu ukamalizia kwa kusema kwamba umeacha kwenda jumuiyani, kusali na majirani Wakatoliki, kwa sababu unahisi mnarudia maneno yasiyomfikia mtu yeyote. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniumiza, ingawa sikulaumu kwa kuiandika.

Sina uwezo wa kukuonyesha vita hata vimoja nikakuambia kwamba hivi vilisimamishwa na rozari ya jumuiya yetu. Naweza kukutajia Msumbiji, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 16 vilimalizika kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka miwili katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha waamini walei Wakatoliki, na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira akiwa miongoni mwa wapatanishi. Lakini mazungumzo yale yalihitaji pia watu waliochoka kupigana, na nisingependa uamini kwamba Kanisa lina ufunguo ambao wengine hawana. Wala sikufichi kwamba upo wakati Wakatoliki wenyewe walikuwa sehemu ya maovu. Rwanda, mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na miongoni mwa waliohusika walikuwamo mapadre na watawa, ndiyo maana Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi hizo za Kanisa na watu wake. Nayataja haya ili ujue kwamba imani ninayokuandikia habari zake si ya mtu aliyefumba macho.

Sasa nikueleze kile ninachokiona mimi. Unakumbuka ulikuwa nyumbani Pasaka, na asubuhi ya Jumatatu tukapata habari kwamba Papa Fransisko amefariki. Wewe ulisikitika kama watu wote walivyosikitika, kisha ukaendelea kufunga begi lako, lakini mimi siku nzima nilikuwa nawaza habari za simu zake. Tangu siku za mwanzo za vita vya Gaza, Oktoba 2023, mzee yule alikuwa akiipigia parokia ile simu karibu kila jioni, akizungumza na Padre Gabriel Romanelli na Padre Yusuf Asad, pamoja na watu wapatao 500 waliokuwa wamejihifadhi katika eneo la kanisa. Hata alipolazwa hospitali ya Gemelli mwezi Februari, akiwa na shida ya kupumua, aliendelea kupiga kila alipoweza. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi Kuu jioni, siku mbili kabla ya kifo chake. Na alikuwa akiwauliza nini? Aliwauliza hali zao, na aliwauliza wamekula nini.

Mwanangu, wewe unajua ni nani anayeuliza mtu amekula nini. Kiongozi wa nchi huuliza idadi ya waliokufa na majina ya miji iliyotekwa, lakini swali la chakula ni la mzazi, na mtu anayeulizwa hivyo kila jioni hawezi kugeuka kuwa namba. Simu hizo hazikuzuia bomu lolote, na mabomu yaliendelea kuanguka hata baada ya yeye kuzikwa. Hata hivyo, kanisa lile lilipopigwa mwezi uliopita, Papa Leo wa XIV, katika sala ya Malaika wa Bwana ya Jumapili iliyofuata, aliyasoma majina ya wale waliouawa, mmoja baada ya mwingine. Nilipoyasikia nilielewa kwamba ile kazi ya kuulizia imepata mtu wa kuiendeleza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sala ninayoijua: inatukataza kumsahau mtu ambaye dunia imeshazoea kumsahau.

Nilijifunza hayo kabla wewe hujazaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1996 boti zilikuwa zikivuka ziwa kutoka upande wa Uvira na Fizi, zimejaa watu waliokimbia vita. Jumuiya yetu ilikuwa imesali kwa ajili ya Zaire, ambayo leo ni Kongo, kwa majuma kadhaa, tukilitaja jina la nchi tu. Kisha mama mmoja na watoto wake wawili wakalala chumba kile unachokiita cha wageni kwa siku nne, kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu, na wenzangu wa WAWATA, chama chetu cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, wakaleta unga, sabuni na khanga bila kuulizwa na mtu. Kwa kuwa tulikuwa tumewaombea, tuliona aibu kuwafungia mlango. Sijui kama bila sala zile tungewafungia, lakini najua kwamba wengine waliwafungia, na hawakuwa watu wabaya kuliko sisi.

Kuna jambo la pili, na hili linakuhusu wewe unayekagua mizigo ya kwenda Kongo hapo bandarini. Tarehe 15 Juni mwaka huu, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya kutangazwa Mtakatifu. Hakuwa padre wala mtawa. Alisomea sheria, akafanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, na baada ya kazi, pamoja na wenzake wa Sant'Egidio, aliwahudumia watoto wa mitaani ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Alipoletewa shehena ya chakula kilichoharibika alikataa hongo, akakataa kukiruhusu kiingie sokoni, naye akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Niliposikia habari hiyo nilimfikiria mama yake kabla ya kumfikiria yeye, na sitadanganya kwamba ningetamani kuwa mahali pa mama huyo. Lakini ukiniuliza Kanisa linafanya nini wakati Goma inaanguka, mimi nakuonyesha kijana huyo, ambaye aliposali kwa ajili ya amani ya mji wake aliona kwamba mchele mbovu nao ni vita dhidi ya maskini, na kwamba kalamu ya kuukataa ilikuwa mkononi mwake.

Kuhusu jumuiya, rudi. Usiende kwa sababu mama amesema, bali nenda na hasira yako yote, na zamu yako ya kuomba ikifika usiseme tu "tuombee amani duniani". Taja mahali na watu, taja hata dereva wa lori la Bukavu uliyeniambia hajapata habari za familia yake tangu Februari. Wenzako watashtuka kidogo, kisha mmoja atauliza jina lake.

Jumamosi hii jumuiya inakutana kwetu, nami nitamtaja dereva huyo. Ukipata jina lake kamili nitumie mapema. Na ile karatasi uliyoniambia siku ya Pasaka, uliyotakiwa kuitia saini kabla kontena halijafunguliwa, hukunieleza iliishia wapi. Nieleze.

Mama yako