Filamu Inapotoka Mkononi

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: je, mwongozaji anayejitegemea, anayejiandikia miswada na kushikilia filamu za kutisha peke yake, anaweza kuishi kwa kazi hiyo Dar es Salaam hadi uzeeni? Majibu mliyoyachapa mpaka sasa yamezungumzia mtaji, kamera na uhaba wa majumba ya sinema. Yote ni kweli. Lakini mimi nimehariri filamu Sinza kwa miaka kumi na minne, nimeona wenye mtaji mzuri wakizama na wasio na kitu wakielea, kwa hiyo naomba nafasi nilijibu swali kwa kirefu. Jibu langu ni kwamba anaweza, ila umri wa kazi yake utaamuliwa zaidi na karatasi kuliko kamera, yaani ni nani anayeimiliki filamu siku inapotoka mkononi mwake.

Mfano wangu ni George A. Romero, mwongozaji wa filamu za kutisha wa Marekani, kwa kuwa katika maisha yake jambo hili linaonekana kwa pande zote mbili, alipopoteza na alipojifunza. Alizaliwa New York mwaka 1940, akasoma Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma ulio mbali na Hollywood, akabaki huko kufanya kazi. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa The Latent Image, ambayo ilitengeneza matangazo ya biashara. Aliwahi pia kupiga picha za kipindi cha watoto cha Fred Rogers, kikiwemo kipande kinachomwonyesha Rogers akienda hospitali kutolewa mafindofindo. Wenzangu wa hapa watalielewa jambo hili mara moja. Karibu kila mwongozaji ninayemfahamu mjini hapa analipa kodi ya nyumba kwa fedha za harusi, sendofu na kipaimara. Jumamosi anakesha ukumbini, Jumatatu anarudi kwenye mswada wake. Sioni fedheha yoyote katika kazi hiyo. Kazi za namna hiyo ndizo zilizomfundisha Romero kutega taa, kukata picha na kukabidhi kazi kwa tarehe aliyoahidi.

Mwaka 1967, mwaka uleule ambao huku kwetu Azimio la Arusha lilitangazwa na neno kujitegemea likaingia katika kila hotuba, watu kumi, Romero akiwemo, walichanga dola 600 kila mmoja na kuunda kampuni, wakaiita Image Ten, ya kutengeneza filamu moja tu, ya wafu wanaoinuka, ambayo leo inajulikana kama Night of the Living Dead. Fedha zilipokwisha walitafuta wachangiaji wengine, mpaka gharama yote ikafika takriban dola 114,000. Walipiga picha katika nyumba ya shamba iliyokuwa ikisubiri kubomolewa karibu na Evans City. Baadhi ya waliochanga fedha waliigiza wenyewe. Kwa kuwa filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, sharubati ya chokoleti ilitosha kuwa damu.

Habari hiyo ya chokoleti hunikumbusha usiku mmoja tuliokuwa lokesheni katika msitu wa Pugu. Damu yetu ilikuwa rozela iliyochemshwa na kutiwa wanga ili iwe nzito. Ndani ya sufuria ilikuwa na wekundu wa kupendeza, lakini mbele ya taa zetu iligeuka zambarau, na kwa sababu ya sukari sisimizi walianza kumpanda mwigizaji aliyekuwa amelala chini kama maiti. Tulimwinua, tukamfuta, tukaongeza rangi ya chakula na kijiko kimoja cha kakao, ndipo rangi ikatulia. Ilikuwa saa tisa usiku. Picha iliyotoka pale ni miongoni mwa picha ninazojivunia kuliko zote nilizowahi kuhariri.

Kuna jambo la kisanaa ambalo sitaki lipite. Katika filamu ile ya kwanza ya Romero neno zombi halitamkwi hata mara moja. Zombi wa imani za Haiti ni mtu aliyekufa kisha akainuliwa na mchawi ili amtumikie, na yeyote aliyekulia Tanzania atamtambua kuwa ni jamaa wa karibu wa msukule. Romero alimwondoa bwana. Wafu wake hawakutumwa na mtu, hawamlimii mtu shamba. Ni umati usio na mwenyewe, na hofu yake inatokana na hilo. Msukule wetu ana bwana. Inasemekana anakatwa ulimi, anafanyishwa kazi usiku, na kaburini ndugu zake wamezika mgomba wakidhani ni yeye, kwa hiyo hofu yake ni hofu ya jirani, ya mjomba, ya mtu uliyekula naye juzi. Mussa Banzi, aliyetupatia Nsyuka na Shumileta katika miaka ya mwanzo ya filamu zetu za video, alilifahamu jambo hili vizuri: mtazamaji wa Manzese akimwona mfu anatembea, swali lake la kwanza ni nani kamtuma. Mwandishi wa filamu za kutisha anayejua swali la kwanza la mtazamaji wake ana mtaji ambao hakuna benki inayoweza kumkopesha, na ndiyo maana naamini kwamba aina hii ya filamu inamfaa mtu anayejitegemea kuliko aina nyingine nyingi.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Filamu ya Romero ilipokuwa tayari iliitwa Night of the Flesh Eaters, na tangazo la hakimiliki liliwekwa kwenye fremu ya jina. Msambazaji akabadili jina likawa Night of the Living Dead, akatengeneza fremu mpya, na tangazo likaondoka pamoja na fremu ya zamani. Sheria ya Marekani iliyotumika wakati ule, ya mwaka 1909, ilitaka tangazo hilo lionekane kwenye nakala zinazotolewa kwa umma, na likikosekana kazi ilihesabiwa kuwa mali ya umma. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, na tangu hapo yeyote aliyetaka kuinakili, kuiuza au kuirusha hewani aliweza kufanya hivyo bila kumlipa aliyeitengeneza. Mstari mmoja tu! Kila ninapolifikiria jambo hili naumia kama vile filamu ilikuwa yangu. Sheria hailindi wazo, hulinda namna wazo lilivyotekelezwa, kwa hiyo waliochukua wafu wake wa mwendo wa polepole na kuwatia katika hadithi zao hawakumdhulumu. Walioiuza filamu yenyewe ndio waliokula jasho lake, na sheria ikawaruhusu.

Hapa kwetu mambo yako tofauti, na tofauti hiyo ingepaswa kutusaidia. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Haki inazaliwa pamoja na kazi; kusajili COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, kunakupa ushahidi, lakini kutosajili hakukunyang'anyi haki. Kwa maneno mengine, mwongozaji wa Dar es Salaam hawezi kupoteza filamu yake kwa kusahau mstari. Anaipoteza kwa kalamu yake mwenyewe, na mimi niliipoteza hivyo.

Mwaka 2013, mimi na wenzangu wanne tulimaliza filamu ya dakika 94 tuliyoiandika na kuigharimia wenyewe. Tuliipeleka Kariakoo kwa msambazaji mmoja, ambaye simtaji. Karatasi yake ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mstari wake wa tatu ulisema anachukua haki zote, kwa muda wote, mahali popote. Sharti lake la pili, ambalo siku ile ndilo lililoniuma zaidi, lilikuwa kwamba filamu ikatwe iwe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa kuwa kila sehemu inauzwa kwa diski yake na kava lake. Nilikaa siku nne nikiirefusha. Kulikuwa na tukio ambalo binti anafungua mlango wa chumba alimofia bibi yake. Tangu anaposhika komeo hadi tunapoona ndani zilikuwa zinapita sekunde 11, na nilizihesabu kwa sababu hofu ni hesabu ya muda. Nikalifanya liwe la sekunde 40. Niliongeza picha za gari likipita Barabara ya Sam Nujoma, nikaongeza mtu akipanda ngazi, akishuka, akipanda tena. Filamu ya mapenzi inaweza kustahimili kuvutwa namna hiyo. Filamu ya kutisha haiwezi, kwa maana mtazamaji akishapata nafasi ya kupumua na kutazama simu yake, hata ukimletea jini lenye vichwa saba hatashtuka. Tulisaini wote watano. Fedha tuliyopewa haikutosha kurudisha nauli na chakula cha waigizaji. Miaka miwili baadaye niliiona filamu yetu katika televisheni ya basi la Mbeya, kisha nikaiona imewekwa mtandaoni, na mara zote mbili sikuwa na la kudai, kwa sababu sahihi iliyo chini ya ile karatasi ni yangu.

Romero aliendeleaje baada ya pigo lake? Filamu tatu zilizofuata hazikufanya vizuri sokoni. Akatengeneza vipindi vya televisheni kuhusu wanamichezo, kisha akapiga Martin katika mji mdogo wa Braddock, filamu ambayo wengi tunaofuatilia kazi zake tunaiheshimu sana. Halafu ikaja Dawn of the Dead, ya mwaka 1978, iliyopigwa usiku katika jengo la maduka la Monroeville baada ya wateja kuondoka. Ilipofika Krismasi ilibidi wasimamishe shutingi, kwa kuwa mapambo ya sikukuu yalikuwa yamejaa kila mahali. Lakini linalonihusu mimi zaidi ni mkataba wake. Mwongozaji wa Italia, Dario Argento, alisaidia kupatikana kwa fedha, na malipo yake yakawa haki ya kuihariri na kuisambaza katika nchi zisizozungumza Kiingereza. Angalieni tofauti iliyopo kati ya mkataba huo na karatasi yetu ya Kariakoo. Argento alipewa eneo, eneo lenye mpaka, na filamu yenyewe ikabaki kwa walioitengeneza.

Filamu ile ilionyeshwa Marekani bila daraja la umri, kwa sababu Romero alikataa kupunguza damu na pia hakutaka daraja ambalo lingeifananisha na picha za ngono. Kwa Day of the Dead, iliyotoka mwaka 1985, alilazimika kuchagua tena: bajeti ya dola milioni 7 akikubali kuibana iingie katika daraja linalokubalika, au nusu yake akitaka uhuru. Akachukua nusu, akauandika mswada upya ili utoshe fedha hizo. Kwetu nafasi hiyo ya kuonyesha filamu bila daraja haipo, maana kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 kibali kinaombwa kabla ya kuanza kupiga picha, na Bodi ya Filamu huiona na kuipanga filamu katika daraja kabla umma haujaiona. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema ili anayeandika mambo ya uchawi na maiti ajue tangu ukurasa wa kwanza kwamba mswada wake utasomwa na watu wengine.

Uhuru ulimgharimu Romero. Kati ya mwaka 1993 na mwaka 2000 hakutoa hata filamu moja, na hiyo ni miaka mingi kwa mtu aliyekuwa akijulikana dunia nzima. Alifariki Toronto mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 77. Hata hivyo mwaka mmoja kabla ya hapo aliiona filamu yake ya kwanza ikisafishwa upya na jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA la New York, na kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa negativu zenyewe zilikuwa zimetunzwa. Hapa mjini nikiulizwa masta, yaani nakala mama, za filamu nilizohariri kabla ya mwaka 2015 ziko wapi, naweza kuonyesha mbili tu. Nyingine zilibaki kwenye diski za kompyuta zilizouzwa kama chakavu, au kwa wasambazaji waliofunga maduka pale soko la DVD lilipokufa na watu wakaanza kujaziwa muvi kwenye flashi kwa shilingi mia chache. Kwa upande wangu huo ni msiba mkubwa kuliko uharamia tunaoulilia kila siku.

Basi kijana anayeniuliza swali kama lenu humwambia auze ruhusa ya kuonyesha, kwa miaka inayohesabika na kwa njia zinazotajwa moja moja: televisheni, mtandao, mabasi. Humwambia pia abaki na masta katika nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Bei ya kwanza itakuwa ndogo, lakini baada ya filamu nne au tano atakuwa na ghala linalompa chochote kila mwaka, hata ule mwaka ambao hakupiga picha.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja wa Mbagala mwenye mswada kuhusu msukule anayerudi nyumbani siku ya arobaini yake mwenyewe. Alikuja na mkataba wa kituo kimoja cha televisheni, na humo nikayakuta maneno yaleyale: kwa muda wote. Aliyakata kwa kalamu ya bluu mbele yangu, akaandika juu yake miaka mitatu, akaweka herufi za jina lake pembeni, akaurudisha. Walikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi walimpigia simu, wakakubali, wakapunguza theluthi ya fedha. Ameikubali bei hiyo, na ataanza kupiga picha Kisarawe masika yakiisha.