Wanzuki yangu inanuka dawa, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi naishi Ipuli hapa Tabora, natengeneza wanzuki, yani pombe ya asali, ya kunywa nyumbani na wageni. Asali naletewa toka Sikonge, hamira ya dukani, maji ya bomba. Siku hizi ikiiva inanuka kama dawa ya hospitali, afu ile ya mwezi wa kumi ilinuka siki na ikawa inachoma koo. Majirani wanasema asali ni mbovu, wengine wananiambia niongeze sukari. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Asali ya Sikonge usiigombeze kwanza, maana asali mbovu unaijua kabla hujapika, yani ikiwa na maji zaidi ya asilimia 20 inaanza kutoa povu yenyewe humo humo kwenye ndoo, na wewe hujasema umeona hivo.

Harufu ya dawa hiyo mi naona inatoka kwenye maji. Maji ya bomba yanatiwa klorini, na klorini ikikutana na vitu vilivyomo kwenye asali na vile vinavyotolewa na hamira inazaa harufu ya plasta na dettol, na inatosha kidogo sana tu pua kuinasa. Chemsha maji kama robo saa sufuria ikiwa wazi, yapoe ndo uchanganye, au yaache usiku kucha kwenye beseni pana bila kufunika zaidi ya kitambaa. Na kama ndoo unaoshea jiki basi suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka pua isisikie kitu, hapo ndo wengi wanapoharibu, wanaosha vizuri kwelikweli afu wanasuuza mara moja.

Ile ya mwezi wa kumi ina mambo mawili tofauti, usiyachanganye. Kuchoma koo ni joto. Tabora mwezi huo jua linapita nyuzi 30 na hamira ikifanya kazi ndani ya joto kali inatoa vileo vizito, ndo vinavyochoma na kukuamsha na kichwa. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie kitambaa kibichi, kaa nayo chumba kisichopigwa jua. Siki ni hewa, bakteria wa siki wanakula kileo lakini bila hewa hawawezi, na hao inzi wadogo wa matunda ndo wanawabeba. Povu likishatulia acha kufunua funua kuonja kila jioni! Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba, ncha yake izame kwenye chupa ya maji, gesi itoke na hewa isiingie. Ila usikaze jerikeni bila njia ya gesi, litapasuka.

Sukari hapana. Haiondoi harufu yoyote, inaongeza kileo tu na ubaya unabaki pale pale chini. Iliyogeuka siki hairudi, itumie kwenye kachumbari na uiweke mbali kabisa na ndoo mpya.

SWALI: Niko Kasulu, Kigoma. Yangu ya asali inanuka mayai viza siku ya tatu, nimwage?

JIBU: Usimwage ndugu yangu. Hamira yako ina njaa, asali ina sukari nyingi lakini ina naitrojeni kidogo mno, na hamira ikikosa chakula hicho inatoa harufu hiyo. Chukua kijiko cha hamira nyingine, ichemshe kwenye maji kidogo ife kabisa, ipoe, mimina ndani, ile iliyo hai itaila. Koroga taratibu kwa mwiko safi asubuhi na jioni gesi itoke, lakini fanya hivo siku hizi za mwanzo tu wakati povu bado linapanda. Kwa kawaida harufu inapungua ndani ya siku chache, na safari ijayo hiyo hamira iliyochemshwa iweke tangu siku ya kwanza.