Saa ya Marehemu Baba: Ifanywe Mpya au Ibaki Ilivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba alituachia saa ya mkononi aina ya Omega Seamaster, otomatiki, aliyoinunua katika miaka ya 1960. Siku hizi inasimama baada ya muda mfupi, kioo kina ufa, na uso wake uliokuwa mweupe umegeuka rangi na kupata madoa karibu na alama ya saa kumi. Fundi mmoja yuko tayari kuupaka uso rangi upya, kubadilisha mishale na kusugua kasha hadi ling'ae. Kaka yangu anasema tusiiguse hata kidogo. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa msiba. Kaka yako ana haki kuhusu yale yanayoonekana kwa macho, lakini kuhusu mashine iliyo ndani amekosea, na kosa hilo linaweza kuiua saa. Mashine za otomatiki za Omega za miaka hiyo, kama ile ya namba 552, hupiga mapigo 19,800 kwa saa moja. Mafuta yakishakauka, chuma husagana na chuma kwa kasi hiyo hiyo mchana na usiku. Kwa hiyo ifunguliwe yote, isafishwe, itiwe mafuta, na springi kuu ibadilishwe ikiwa imechoka. Vivyo hivyo mipira ya kuzuia maji, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na kutu si sehemu ya uhalisi wa saa hata tuionee huruma.

Kioo nacho kibadilishwe bila wasiwasi. Ni cha plastiki, kilitengenezwa kiwe kitu cha kubadilishwa, na kile halisi cha Omega kina nembo ndogo mno katikati, ambayo utaiona kwa lenzi tu. Mwombe fundi akuonyeshe nembo hiyo kabla hajakifunga.

Uso wa saa ni jambo jingine kabisa, na hapa nakusihi usikubali. Anayeupaka upya huanza kwa kuondoa rangi na maandishi ya kiwandani, kisha huchapa mengine juu ya bati tupu. Mara nyingi herufi hutoka nene na vistari vya dakika haviangukii mahali pake. Ule wa kwanza haurudi tena. Madoa yaliyo karibu na saa kumi hayaizuii saa kwenda, na wanunuzi makini wa saa za zamani huthamini zaidi uso uliochakaa kwa haki kuliko uliopakwa upya.

Kasha pia lisisuguliwe kwa mashine. Kila msuguo huondoa chuma, hivyo kingo kali za masikio yanayoshika mkanda huviringika, na kama mfuniko wa nyuma una picha ya farasi wa majini, itafifia. Kitambaa laini, maji kidogo na sabuni vinatosha kuondoa uchafu baada ya mashine kutolewa. Mishale ibaki ile ile, isipokuwa kama kutu imeila hadi inakaribia kukatika.

Mpe fundi maagizo haya kwa maandishi, na umtake akurudishie kila kipuri alichokitoa, hata kile kioo chenye ufa. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

SWALI: Mishale ya saa yangu ya zamani haing'ai tena gizani. Je, rangi yake ikwanguliwe na kupakwa nyingine?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Isikwanguliwe mezani hata kidogo. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, yaani madini yenye mionzi, ambayo huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kilichokufa ni unga uliokuwa ukitoa mwanga. Mionzi bado ipo, na vumbi lake likivutwa ni hatari. Ukiona herufi T kila upande wa maneno SWISS MADE chini ya uso, hiyo ni tritiamu, nayo ina mionzi, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 na ushei, hivyo nguvu yake imekwisha kwa kiasi kikubwa. Kwa vyovyote vile iache ilivyo, na kama rangi inamomonyoka ndani ya kioo, usiifungue mwenyewe: ipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kuzuia vumbi hilo, na umweleze unachokishuku kabla hajaufungua mfuniko.