Jibu: Ambulensi imejaa vifaa, cha haraka hakionekani

Habari ndugu. Umesema gari lenu la wagonjwa hapo Muheza limeongezewa vifaa hadi mnapekua mikoba mitatu kutafuta ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono) huku mgonjwa anahangaika kupumua. Nilipitia hayohayo Tanga, kwenye rufaa za kutoka Pangani.

Kabla ya mikoba, angalia mtungi wa oksijeni. Ule wa lita 680, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, huisha kwa saa 1 na dakika 8 hivi. Geji isomwe kila mnapopokezana zamu. Na ufungwe mkanda! Breki ya ghafla ng'ombe akivuka barabara, mtungi uliolegea unaweza kuua mtu.

Kisha mwageni kila kitu sakafuni. Sisi tulikuta mashine tatu za presha, ambu ya mtoto hakuna. Iliniuma sana. Tukabaki na mkoba mmoja wa kushuka nao: ambu ya mkubwa na ya mtoto, glovu, bandeji, mashine ya presha, kipima sukari. Vingine vibaki garini. Vifaa vya kuzalishia vikae peke yake, na mtu asichomoe mkasi humo.

Mkoba ukishakaguliwa tunaufunga kwa uzi mwekundu. Uzi ukiwa umekatwa, unakaguliwa upya kabla gari halijatoka.