Kijana yuko sekondari na kusoma bado kunampiga chenga

Nafundisha Kiswahili shule ya sekondari ya kata, na kila Januari napokea Kidato cha Kwanza wasiosoma sawasawa. Mzazi atakuambia, "Mvivu huyo, simu tu." Simu imo, lakini mara nyingi tatizo lilianza darasa la pili, kabla hajaishika.

Kaeni wawili, mpe kifungu asichowahi kukiona, asome kwa sauti. "Walipokwenda" anasoma "walipokea": kaona herufi za mwanzo, zilizobaki kakisia. Akifika "alinyang'anywa" anasimama, au anairuka kabisa. Ba be bi bo bu anazijua. Nyw, ng', mbw na ndw hazikumkaa. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulilenga shida hii hii, ila darasa likiwa na watoto 80 wanaoitikia kwa pamoja, mtoto hukariri ukurasa mzima kwa sikio na akaonekana anasoma.

Kisha anakuja sekondari, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na udhaifu wake unapata pa kujificha: kila mtu anasema lugha ndiyo ngumu. Kwa hiyo anzeni na Kiswahili, hata kama mitihani yake ni ya Kiingereza. Macho yakishazoea kukimbia kwenye mstari, lugha nyingine itafuata kwa urahisi zaidi.

Wavulana wengi huficha kwa utundu. Zamu ya kusoma ikikaribia, fujo inaanza ili atolewe nje. Msichana hunyamaza. Ananakili ubaoni kwa mwandiko safi, na daftari lake linamdanganya hata mwalimu. Huyu ndiye anayeniumiza zaidi. Jioni maji ni yake, vyombo ni vyake, mdogo wake yuko mgongoni. Akishika kitabu, usingizi umeshamshinda. Mpunguzieni kazi, walau nusu saa kabla ya giza.

Mpelekeni pia akapimwe macho.

Halafu someni pamoja dakika 15 kila siku, kitu anachokipenda, hata kama ni habari za Simba na Yanga. Akikosea, amalize kwanza sentensi, kisha rudini kwenye lile neno mlikate: a-li-nya-ng'a-nywa. Wadogo zake wasiwepo, maana kijana wa miaka 15 akichekwa hatafungua tena kitabu mbele yako. Na mwalimu wake wa Kiswahili mwambieni ukweli mapema. Wengi wetu tuko tayari kumsikiliza akisoma wakati wa mapumziko.